Kazi na Somo: Historia ya Elimu ya Vitendo katika Shule za Kati za Tanganyika

Katika mfumo wa elimu uliojengwa na Waingereza Tanganyika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, shule ya kati ilikuwa ngazi ya darasa la tano hadi la nane, iliyokaa baina ya shule ya msingi ya miaka 4 na sekondari ambayo wachache mno waliifikia, na wanafunzi wake walikuwa vijana wa rika ambalo katika jamii nyingi za nchi hiyo ndilo rika la jando na unyago, la kukabidhiwa mifugo, au la kwenda kukaa kwa fundi ili kujifunza kazi. Ni kwa vijana wa rika hilo hasa kwamba serikali ya kikoloni, na baada yake serikali ya chama cha TANU iliyoipinga karibu katika kila jambo, ziliamua kwa zamu kuingiza jembe, bustani na karakana katika ratiba ya masomo. Elimu ya vitendo, ambayo katika makala haya inachukuliwa kuwa ufundishaji unaomtaka mwanafunzi ashike, apime, atengeneze au aende kukiona kitu chenyewe badala ya kukinakili kutoka ubaoni, haikuwahi kukosa watetezi, kwani kila tume ya elimu iliyopita Afrika Mashariki tangu mwaka 1924 imeisifu kwa namna moja au nyingine. Mafanikio yake, hata hivyo, yalitegemea maswali mawili yasiyo na fahari yoyote ya kinadharia, nayo ni mavuno ya kazi ya wanafunzi yanakwenda kwa nani, na mtihani wa mwisho unauliza nini.

Mafunzo ya mikono hayakuletwa na shule. Mhunzi, mjenzi wa majahazi, mfinyanzi na mganga wote walifundisha kwa kumweka mwanafunzi kando yao kwa miaka, na kungwi au mlezi wa jando alitumia nyimbo, michoro na vitu vya kufinyanga kumfunza mwali au mwari mambo ya utu uzima. Tofauti kubwa baina ya mafunzo hayo na yale yaliyokuja baadaye ni kwamba mwanafunzi wa fundi aliijua kazi aliyokuwa akiiendea, na jamii iliyomzunguka iliitambua kazi hiyo na kuilipa. Wajerumani walipofungua shule ya serikali mjini Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, walilielewa jambo hilo kwa sababu zao wenyewe, maana walihitaji makarani, maakida na mafundi, na kando ya madarasa ya kusoma na kuandika shule hiyo ikawa na mafunzo ya ufundi pamoja na kiwanda cha uchapaji ambamo gazeti la Kiongozi lilichapwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kijana aliyejifunza kazi mahali kama pale alikuwa akijifunza kazi yenye mshahara mjini, na huenda ndiyo sababu historia ya Tanga haina malalamiko mengi dhidi ya kazi za mikono kama yale yaliyosikika miaka 30 baadaye.

Malalamiko hayo yana chanzo kinachoweza kutajwa kwa jina. Mwaka 1924 tume iliyogharamiwa na mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones na ikiwa na mwalimu mashuhuri wa Gold Coast, James Kwegyir Aggrey, miongoni mwa wajumbe wake, ilizunguka Afrika Mashariki ikikagua shule za misheni na za serikali. Jones alikuwa amewahi kufanya kazi katika taasisi ya Hampton huko Virginia, ambako watu weusi waliotoka utumwani walifundishwa kilimo, useremala na usafi wa nyumba pamoja na masomo machache ya vitabu, na ambako Booker T. Washington alisomea kabla ya kuanzisha Tuskegee kwa mfano huohuo. Ripoti ya tume, iliyotoka mwaka 1925, ilipendekeza kwamba elimu ya Mwafrika ilinganishwe na mazingira yake, kwa maana kwamba afya, kilimo, maisha ya nyumbani na matumizi mazuri ya muda wa mapumziko viwe kiini cha mafunzo, na katika mwaka huohuo wizara ya makoloni ya Uingereza ikatoa waraka wa sera uliochukua sehemu kubwa ya mawazo hayo. Mawazo yenyewe hayakuwa mabaya. Ubaya ulikuwa katika mahali yalikotoka, kwa kuwa Hampton na Tuskegee zilikuwa zimekua chini ya utawala wa kibaguzi wa kusini mwa Marekani, ambao uliridhika kumwona mtu mweusi akilima vizuri ilimradi asidai kura, na walowezi wa Kenya hawakuchelewa kuiona faida hiyo.

Tunda la kwanza la ripoti hiyo lilikuwa chuo cha Jeanes kilichofunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, mwaka 1925, kikiitwa kwa jina la Anna Jeanes, mwanamke wa Philadelphia aliyeacha mali yake isaidie shule za watu weusi vijijini. Kabete haikufundisha watoto, bali ilifundisha walimu waliokwenda huko pamoja na wake zao, wakaishi katika nyumba za mfano zilizojengwa kwa vifaa vinavyopatikana kijijini, kisha wakarudi kwao kuwa wasimamizi wa shule za vijijini, wakizunguka kuonyesha jinsi ya kuchimba choo, kupanda mboga, kupima ardhi na kulea mtoto mchanga. Mtindo huo wa mwalimu kuwa kielelezo cha kijiji kizima utaonekana tena, kwa msamiati mwingine kabisa, katika Tanzania ya miaka ya 1970.

Jaribio la ajabu kuliko yote la kipindi hicho lilifanyika Malangali, katika nyanda za juu za Iringa, ambako shule ya serikali ilifunguliwa mwaka 1928 chini ya mwalimu mkuu W. Bryant Mumford. Mumford aliamini kwamba shule inapaswa kuota kutoka katika mila za wanafunzi wenyewe, waliokuwa wengi wao Wahehe, Wabena na Wasangu, hivyo aliwaita wazee wa makabila hayo kuwa washauri na walimu, akawafanya wanafunzi wavae mashuka ya kienyeji badala ya kaptura na shati, akaingiza ngoma na kurusha mikuki katika ratiba pamoja na kilimo na ufugaji, huku kusoma, kuandika na hesabu vikiendelea kufundishwa. Mtu anayesoma maelezo ya Mumford leo anaweza kuvutiwa, kwa kuwa hapa yupo Mwingereza wa miaka ya 1920 anayekiri kwamba mzee wa Kihehe ana jambo la kufundisha, na katika ukoloni hilo halikuwa jambo dogo. Lakini wazazi walioleta watoto wao Malangali hawakuwaleta wajifunze kurusha mkuki, ambao baba na babu wangeweza kuwafunza bila ada wala safari. Waliwaleta wapate kile ambacho nyumbani hakikuwepo, yaani lugha ya ofisi, kalamu na njia ya kuingia katika kazi za serikali. Manung'uniko kwamba shule inawanyima wanafunzi elimu halisi ya Kizungu yalikuwa na msingi ulio wazi, maana wakati huohuo wana wa machifu walikuwa wakipelekwa Tabora, ambako shule iliyofunguliwa mwaka 1925 ilijengwa kwa mfano wa shule za bweni za Uingereza. Mumford alipoondoka kwenda kufundisha katika chuo cha elimu mjini London, Malangali ilianza kufanana na shule nyingine, na leo ni sekondari ya kawaida yenye jina la zamani.

Shule za kati zenyewe zilitokana na mpango wa miaka 10 wa elimu uliotangazwa kwa kipindi cha 1947 hadi 1956. Ili kuelewa uzito wake, inafaa kukumbuka kuwa hata kufikia uhuru wa mwaka 1961 kulikuwa na watoto 490,000 tu katika shule za msingi za Tanganyika nzima, na kwamba wengi wao waliishia darasa la nne, kwa hiyo kijana aliyevuka mtihani wa darasa hilo na kuingia la tano alikuwa tayari mteule wa kijiji chake. Waliopanga mfumo huo waliona hatari kwamba mteule huyo atakimbilia mjini, na muhtasari wa masomo wa mwaka 1952 ukatoa dawa yake, ambayo ilikuwa kuifanya kila shule ya kati ya vijijini iwe na mwelekeo wa kilimo. Mwelekeo huo haukuwa somo moja la vipindi viwili kwa wiki, kwa kuwa ulikusudia kuyafanya maisha yote ya shule yazunguke shamba, ambapo hesabu ingefundishwa kwa kupima eneo na kukadiria mavuno, jiografia kwa kuchunguza udongo na mvua, sayansi kwa kuangalia mimea na mifugo, na chakula cha bweni kitoke, kwa kadiri iwezekanavyo, katika mikono ya wanafunzi wenyewe. Kwenye karatasi, ulikuwa mpango ambao mwanamageuzi yeyote wa elimu angejivunia.

Shambani mambo yalikuwa mengine. Mbinu zilizofundishwa, kama vile kulima matuta ya kukinga mmomonyoko kwa kufuata mstari wa kimo, kuchimba mashimo ya mboji na kupunguza mifugo, zilikuwa zilezile ambazo wakati huo maofisa wa kilimo walikuwa wakizilazimisha kwa wazazi wa wanafunzi kwa sheria ndogo na faini. Katika Usambara, mradi wa Mlalo uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta katika miteremko yao tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, na katika milima ya Uluguru mradi wa namna hiyohiyo ulizua ghasia mwaka 1955 zilizosababisha kifo huko Matombo, tukio ambalo chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka 1 tu, kilinufaika nalo sana kisiasa. Kijana wa darasa la sita aliyepewa jembe na mwalimu wake asubuhi, kisha akarudi nyumbani likizo na kumkuta baba yake ametozwa faini kwa kutochimba matuta ya aina hiyohiyo, hakuhitaji maelezo marefu ili kuhusianisha somo na serikali. Jambo la pili lilikuwa mtihani. Darasa la nane lilimalizika kwa mtihani wa nchi nzima uliochagua wachache wa kwenda sekondari, na mtihani huo ulipima Kiingereza, hesabu na maarifa ya jumla, wala haukumuuliza mtahiniwa kama shamba lake lilistawi. Saa iliyotumika kupalilia ilikuwa, kwa hesabu ya mwanafunzi na mzazi, saa iliyoibwa kutoka katika Kiingereza. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 mwelekeo wa kilimo ulikuwa umelegezwa na hatimaye kuachwa, na viongozi wa TANU, ambao baadhi yao walikuwa walimu, waliuhesabu miongoni mwa mbinu za kumzuia Mwafrika asipande ngazi.

Baada ya uhuru shule za kati ziliunganishwa na zile za msingi, darasa la nane likaondolewa hatua kwa hatua, na elimu ya msingi ikawa ya miaka 7. Ni katika kipindi hiki kifupi, kabla siasa haijalirudia jembe, ambapo elimu ya vitendo ya aina tofauti kabisa ilifika Afrika Mashariki, nayo imesahauliwa kuliko inavyostahili. Mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika ulianza mwaka 1965 kufuatia mkutano uliofanyika Kano, Nigeria, kwa msaada wa taasisi ya mitaala yenye makao yake katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, na ukashirikisha nchi kadhaa zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, hadi mwaka 1970 ulipokabidhiwa kwa chombo cha Waafrika wenyewe. Walimu na wataalamu waliokutana katika warsha za mpango huo walitunga vijitabu vya mwalimu kuhusu vitu visivyo na gharama, kama mchanga mkavu na mchanga mbichi, mbegu, mbu, vifaranga, vitu vinavyozama na vinavyoelea, na namna ya kuona vitu vidogo kwa kutumia tone la maji lililoning'inia katika tundu la waya.

Kijitabu kimojawapo kilihusu buu dogo la kijivu ambalo karibu kila mtoto wa kijijini amewahi kulichezea chini ya paa la nyumba, pale ambapo mvua haifiki na vumbi ni laini. Buu hilo huchimba shimo lenye umbo la faneli katika mchanga mkavu, likajificha chini kabisa na kuacha taya zake mbili tu nje, kisha sisimizi akiteleza ukingoni hurushiwa mchanga hadi aporomoke. Kijitabu hakikumpa mwalimu orodha ya majibu ya kuwakaririsha wanafunzi. Mtoto aliyeuliza kama mdudu huyu anaweza kutembea mbele, au atafanya nini akiwekwa katika mchanga wenye maji, au kama atakula kitu kilichokufa, alitakiwa kumuuliza mdudu mwenyewe, kwa maana ya kumweka katika kopo la mchanga, kubadilisha jambo moja na kungoja. Wale wasiojua adha ya kufundisha darasa la watoto 45 watasema hili ni jambo jepesi, lakini lilimtaka mwalimu aliyezoea kuwa chemchemi ya majibu akubali kukaa kimya mbele ya kopo la mchanga, na wakaguzi wengi waliona kelele za darasa la namna hiyo kuwa ni utovu wa nidhamu. Mtafiti Eleanor Duckworth, aliyefanya tathmini ya mpango huo nchini Kenya, alikataa kuwapima watoto kwa mtihani wa maandishi. Badala yake aliwaacha katika chumba chenye vifaa mbalimbali bila maelekezo na kuangalia walichofanya navyo, akagundua kwamba watoto waliopitia mpango walibuni kazi za aina nyingi zaidi na zenye kina zaidi kuliko wenzao wasioupitia. Huo ulikuwa mmoja wa mitihani michache sana katika historia hii yote iliyouliza kile kilichofundishwa. Hakuna wizara iliyoutumia kuchagua wanafunzi wa sekondari.

Mwezi Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha lililotangaza siasa ya Ujamaa, Rais Julius Nyerere alitoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea, na jembe likarudi darasani likiwa na maana mpya. Nyerere alianza na hesabu ileile iliyowasumbua wakoloni, kwamba ni takriban asilimia 13 tu ya waliomaliza shule ya msingi wangepata nafasi ya sekondari, lakini alihitimisha tofauti, akidai kwamba elimu ya msingi iwe kamili yenyewe kwa wale wengi ambao hawataendelea, na kwamba shule ziwe jumuiya za uzalishaji ambamo walimu na wanafunzi wanalima au wanaendesha karakana kwa pamoja. Yapo mambo mawili katika kijitabu hicho ambayo watekelezaji wake waliyapuuza mapema. La kwanza ni kwamba wanafunzi walipaswa kushiriki kuamua nini kilimwe na faida itumikeje, wakitunza hesabu na kuona matokeo ya makosa yao. La pili ni kwamba uzito wa mitihani ulipaswa kupunguzwa. Bila mambo hayo mawili, mpango wa 1967 ungeweza kuchanganywa na muhtasari wa 1952, na katika shule nyingi ndivyo ilivyokuwa.

Mfano wa jinsi mambo yangeweza kuwa ulikuwepo tayari huko Litowa, mkoani Ruvuma, ambako wakulima vijana walioongozwa na Ntimbanjayo Millinga walikuwa wameanzisha kijiji cha pamoja, kilichokuja kuwa kitovu cha chama chao cha maendeleo, pamoja na shule iliyoendeshwa na mwalimu mkuu Suleman Toroka. Shule ya Litowa ililima kama sehemu ya kijiji chenye mashamba yake, wanafunzi wakishiriki katika mikutano na katika mgawanyo wa kazi, na kwa kuwa kijiji chenyewe kilikuwa cha wazazi na wanachama, swali la nani anakula mavuno lilikuwa na jibu linaloonekana kwa macho. Chama hicho kilivunjwa kwa amri ya TANU mwaka 1969, kwa kuwa kilijitegemea kupita kiasi ambacho viongozi wa mkoa na wa taifa walikuwa tayari kukivumilia, na hii ni moja ya kejeli chungu za historia ya Ujamaa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1971, chuo cha ualimu cha Korogwe kilianza jaribio la shule ya jamii katika kijiji cha Kwamsisi, mkoani Tanga, ambako muhtasari ulitungwa kutokana na matatizo ya kijiji, na wanafunzi wakajifunza hesabu, afya na siasa kupitia duka, shamba na kazi za kijiji. Kwamsisi ilitembelewa na wageni wengi na kuandikiwa ripoti nyingi, na mradi wa pamoja wa Tanzania, UNICEF na UNESCO, uliojulikana kwa kifupi cha MTUU, ulijaribu kuisambaza kwa kuwatumia waratibu wa elimu waliozunguka shuleni. Mizigo ya vijiji vyenyewe ilikuwa mizito kuliko uwezo wa waratibu hao, hasa baada ya watu kuhamishiwa katika vijiji vya Ujamaa kwa haraka.

Kilichobaki katika kumbukumbu ya waliosoma shule za msingi miaka ya 1970 na 1980 si Kwamsisi. Ni kipindi cha EK (Elimu ya Kujitegemea) kilichoandikwa kwenye ratiba, ambacho maana yake ilikuwa kwenda shambani na jembe kutoka nyumbani, kubeba maji kwa ndoo, kumwagilia mchicha, kufagia uwanja na kukusanya kuni, chini ya mwalimu wa miradi na viranja waliohesabu matuta ya kila mmoja. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote, uliohimizwa na Azimio la Musoma la mwaka 1974 na kutekelezwa mwaka 1977, ulijaza madarasa kwa watoto wengi kuliko wakati wowote kabla yake, na ukalazimu kuajiri vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafundisha ualimu wakiwa kazini. Mwalimu wa namna hiyo, mwenye darasa la watoto 60 au zaidi na bila vitabu, hakuwa na namna ya kuligeuza shamba kuwa somo, na shamba likabaki kazi. Mavuno mara nyingi yalikwenda kulipia chaki, chakula cha wageni au safari za viongozi, na pale ambapo mwalimu aliwapeleka watoto katika shamba lake binafsi, jambo ambalo wazazi walilalamikia katika mikutano ya vijiji, hata kisingizio cha ujamaa kilitoweka. Katika mtihani wa kumaliza darasa la saba, kilimo na ufundi havikuwa na uzito wowote wa kumpeleka mtoto sekondari.

Kenya ilipita njia fupi zaidi ya namna hiyo ilipoanzisha mfumo wa elimu wa 8-4-4 mwezi Januari 1985, ukitanguliwa na ripoti ya tume ya Colin Mackay ya mwaka 1981. Darasa la nane likarudi, na pamoja nalo sanaa, ufundi, kilimo na sayansi kimu. Wazazi wakaombwa kujenga karakana na kununua mbao, nyundo na vyerehani, na baada ya miaka michache, mzigo wa gharama na wingi wa masomo ulipowaelemea, muhtasari ukaanza kupunguzwa.

Safari za masomo zina historia tofauti na ya jembe, na kwa sehemu kubwa ni ya furaha zaidi, pengine kwa sababu hazikutegemewa kuzalisha kitu. Jumba la makumbusho la Dar es Salaam lilifunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano, likageuzwa kuwa Makumbusho ya Taifa baada ya uhuru, na mwaka 1967 kikafunguliwa Kijiji cha Makumbusho kando ya barabara ya Bagamoyo, ambamo nyumba za asili za makabila mbalimbali zilijengwa kwa ukubwa wake halisi, ili mtoto wa Kariakoo aingie ndani ya tembe la Wagogo na kuona jinsi ng'ombe na watu walivyolala chini ya paa moja. Safari ya darasa zima hadi pale ilihitaji basi, ruhusa za wazazi na mchango wa nauli, na kwa shule za mijini ikawa desturi ya mwisho wa muhula. Shule za Tanga zilikwenda katika mapango ya Amboni, ambako walimu wa jiografia wangeweza kuonyesha jinsi maji yanavyokula mawe ya chokaa, na zile za pwani ya Bagamoyo zilikwenda Kaole kuona magofu ya msikiti na makaburi. Lililokosekana mara nyingi ni kazi ya kufanya wakati wa safari, kwa sababu mtoto aliyetembezwa mbele ya vioo vya makumbusho na kuambiwa asiguse hakuwa tofauti sana na yule aliyekaa darasani akitazama ubao.

Vilabu vya wanafunzi vililijibu tatizo hilo vizuri kuliko shule zenyewe. Vilabu vya wanyamapori vya Kenya, vilivyoanza mwaka 1968 kwa juhudi za wanafunzi wa sekondari, vilitangulia barani Afrika, na Tanzania ikafuata kwa vilabu vya Malihai vilivyoanzishwa Arusha mwaka 1980, vikaenea katika shule za msingi na sekondari. Mwanachama wa klabu ya Malihai alipanda miti, alitunza kitalu, aliandika na kuchora katika majarida ya klabu, na akibahatika alikwenda mbugani, ambako wengi wa watoto wa Tanzania, licha ya kuishi katika nchi yenye Serengeti na Ngorongoro, hawajawahi kufika kwa kuwa utalii wa mbuga ulijengwa kwa ajili ya mgeni mwenye dola. Mwaka 1991 Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, alikutana na wanafunzi 12 mjini Dar es Salaam, na kutokana na mazungumzo hayo likaanzishwa kundi la Roots & Shoots ambalo leo lina matawi katika nchi nyingi. Vilabu hivi vilifanikiwa kwa sababu vilikuwa vya hiari na nje ya mtihani. Na kwa sababu hiyohiyo vilibaki kuwa vya wale wenye mwalimu mlezi mwenye moyo, huku shule ya jirani ikiwa haina kabisa.

Mabadiliko ya karibuni nchini Tanzania yamerudi moja kwa moja kwenye swali la mtihani. Somo la stadi za kazi, lililochukua nafasi ya kilimo, ufundi na sayansi kimu katika shule za msingi, halikutahiniwa kwa miaka mingi katika mtihani wa darasa la saba, kisha likaunganishwa na maarifa ya jamii na kuingizwa humo, ambapo mtahiniwa huonyesha ujuzi wake wa kupika, kufuma au kutengeneza kitu kwa kuchagua herufi sahihi na kuiwekea kivuli. Toleo la mwaka 2023 la sera ya elimu limekwenda mbali zaidi kwa kupunguza elimu ya msingi kuwa ya miaka 6 na kuigawa sekondari ya chini katika mikondo miwili, ule wa jumla na ule wa amali, yaani mafunzo ya kazi kama vile ujenzi, umeme, kilimo, ushonaji na michezo, yakiambatana na masomo ya kawaida, na kumpimia mwanafunzi kazi aliyoifanya kwa mikono yake bila kumfungia njia ya elimu ya juu. Mkondo wa amali ulianza mwaka 2024 katika shule chache zenye karakana. Shule nyingi za kata, zilizojengwa kwa michango ya wananchi tangu miaka ya 2000, zilikuwa na vyumba vya madarasa na ofisi ya walimu, na huko vifaa vya seremala bado vinangoja bajeti ya halmashauri.